Tundu Namba 7

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya raki, yaani kabati la seva, mgongo ukigusa ukuta, simu nimeibana kwa meno ili tochi yake inimulikie. Pembeni mwa kioo kidogo cha PDU, kifaa kinachogawa umeme kwenye raki, kuna kitufe cha kupandisha namba. Nikawa nakibonyeza, tundu moja baada ya jingine. Tundu la 5, ampea 0.4. La 6, ampea 0.6. La 7, ampea 0.0. Nikarudi nyuma, nikabonyeza upya. 0.0 ileile. Na plagi ilikuwamo! Naiona kwa macho yangu, nyeusi, imekaa kwenye tundu lake kama zingine zote. Nikaigusa kwa kidole, ikacheza. Nikaisukuma, ikaingia kama milimita tatu hivi na kulia "ka", na kufumba na kufumbua kioo kikasoma 0.9.

Milimita tatu hizo zilikuwa zimeshatugharimu betri 16.

Naandika habari hii kwa sababu nimeingia kwenye vyumba vya seva vya kutosha, hapa Kigoma na kwingine, nikakuta vifaa kama hivi vyetu, vyenye uwezo wa kupima kila tundu, vinasomwa jumla tu. Hata sisi tulisoma jumla tu. Kifaa kilikuwa kinajua tatizo letu kwa miezi mitano, na kingetuambia siku yoyote ambayo tungekiuliza.

Kwa msomaji ambaye hafanyi kazi hii: PDU ni ile eksitensheni ndefu ya chuma inayosimama wima pembeni mwa kabati la seva. Matundu yake si ya plagi zetu za pini tatu bapa. Mengi ni ya aina iitwayo C13, umbo lilelile la kichwa cha waya kinachoingia nyuma ya kompyuta ya mezani, na machache ni makubwa zaidi, C19, kwa mashine nzito. Kwa viwango vya kimataifa C13 hubeba ampea 10 na C19 ampea 16. Ya kwetu ina matundu 24, na ndani yake mna kompyuta ndogo yenye anwani yake kwenye mtandao, kwa hiyo mtu anaweza kuisoma akiwa mezani kwake bila kufungua kabati.

Tunazo mbili, A na B. A inakula umeme wa UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia mzigo umeme ukikatika. B inapita kwenye stabilaiza na kwenda moja kwa moja kwenye umeme wa kawaida, na umeme ukikatika inasubiri jenereta iwake, ambayo huchukua sekunde 12 hadi 15. Seva zetu zina pawa saplai mbili kila moja, waya mmoja A, mwingine B. Mimi huwaambia vijana wa mafunzo kwamba seva ina miguu miwili: ukikatika huu, inasimama kwa huu, na mtumiaji hajui kama kuna lililotokea.

Sasa, seva yetu kubwa ilikuwa inaanguka. Kila umeme ulipokatika, yenyewe inazima, kisha jenereta ikishika inawaka na kuchukua dakika kumi kukaa sawa. Sote tukakubaliana kwamba UPS imechoka. Betri zilikuwa na miaka minne, chumba kina joto, na kwa kweli maelezo hayo yaliingia akilini. Tukaandika barua, fedha zikatafutwa. Kigoma ni mwisho wa reli. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 1,200, na betri za risasi 16 si mzigo wa kumpa mtu abebe mkononi. Zikaja, tukazifunga Jumamosi nzima, tukatoka tumechafuka na tumefurahi.

Wiki iliyofuata, saa ya magharibi, umeme ukakatika. Nilikuwa bado ofisini. Nikasikia mafeni ya seva yanashuka sauti, yakanyamaza.

Yupo mzee wetu fundi wa umeme, mtu aliyezoea mitambo tangu enzi ambazo umeme wa mji huu wote ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kufika. Nilimpigia simu usiku uleule.

"Shikamoo mzee. Betri mpya nazo zimeangusha."

"Marahaba. Zimeangusha nini?"

"Seva kubwa."

"Na zile nyingine?"

"Nyingine ziko hewani."

Akanyamaza kidogo. "Bwana mdogo, UPS iliyochoka haichagui. Ingeangusha zote. Kwa nini ameanguka mmoja? Huyo ndiye umtazame."

Ndipo nikaenda kuchuchumaa nyuma ya raki. Kilichotokea ni kitu kidogo mno. Waya wa mguu wa A ulikuwa mrefu, unaning'inia, na uzito wake ulikuwa umeivuta plagi taratibu mpaka pini zikaachana na shaba. Plagi za aina hii hazina kufuli la kuzishika. Taa ya njano ilikuwa inawaka kwenye pawa saplai hiyo muda wote, upande wa ukutani, mahali ambapo hakuna anayepita. Seva ilikuwa inasimama kwa mguu wa B peke yake, na B ndiyo inayokufa umeme ukikatika. UPS ilikuwa nzima. Inawezekana kabisa kwamba hata betri za zamani zilikuwa na mwaka mmoja mbele yake.

Kesho yake nikafungua grafu. Tulikuwa na grafu, tena nzuri, ya jumla ya kila PDU. A ilikuwa inasoma ampea 3.1 na B ampea 4.9. Nikarudi nyuma mwezi mmoja, miwili, mitano, mpaka nikafika siku ambayo mistari ile miwili ilikuwa imelala pamoja kwenye 4.0. Siku hiyo A ilishuka 0.9 na B ikapanda 0.9, saa ileile, dakika ileile. Mguu mmoja umeachia, mwingine umepokea. Jumla ya zote mbili haikubadilika hata kidogo, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kengele yetu tuliitega ampea 12, na 4.9 iko mbali sana na 12.

Hesabu ya jumla ilikuwa sahihi siku zote hizo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nimekulia Ujiji kwenye nyumba ya vyumba sita na LUKU moja. Aliyepanga anajua nyumba hizo. Uniti zikikaribia kwisha, mama mwenye nyumba anapita mlango kwa mlango kuchangisha, na kila mara lazima yawepo maneno: fulani ana friji, fulani anapiga pasi usiku, fulani ana watoto wasiozima taa. Mita ile iliyokuwa ukutani ilisema kweli tupu juu ya uniti ngapi zimekwenda, na haikusema neno moja juu ya nani amezila. Mwenye friji alilipa zaidi kwa miaka, kwa sababu friji inaonekana. Baadaye mama mwenye nyumba aliita fundi akaweka mita ndogo kwa kila chumba. Friji ikaonekana ni ya tatu. Kilichoongoza kilikuwa chumba cha kijana mpole aliyepikia jiko la koili mlango ukiwa umefungwa, na hakuna aliyewahi kumtaja. Ugomvi uliisha wiki hiyohiyo, na yule mwenye friji, ambaye alikuwa ameacha kusalimiana na majirani, akaanza tena kukaa barazani.

Kupima kila tundu ni kuweka mita ndogo kwa kila mpangaji. Ndani ya PDU ya namna hiyo, waya wa kila tundu unapitia kipimo chake chenyewe, mara nyingi kijipete cha sumaku kinachozunguka waya na kuhisi mkondo unaopita, na kompyuta ndogo inasoma mkondo na volti mara nyingi sana kwa sekunde, kisha inatoa ampea, wati, na uniti zilizokwisha kutumika. Zile nzuri watengenezaji wanadai kosa lisilozidi asilimia 1, sawa na mita ya kulipia bili.

Hapa niseme jambo kwa wanaonunua, kwa sababu nimeona watu wakiumia. Ziko PDU za kawaida, zisizo na akili yoyote. Ziko zenye mita moja mwanzoni, inayopima jumla. Ziko zinazoweza kuzima na kuwasha kila tundu kwa mtandao, na hizi ndizo zinazodanganya macho: kwa sababu unaona orodha ya matundu 24 kwenye ukurasa wake, unadhani inapima matundu 24. Sivyo. Nyingi za namna hiyo zinapima jumla tu. Kisha ziko zinazopima kila tundu bila kuzima, na ghali zaidi ni zinazofanya yote mawili. Muuzaji akikuambia "hii ni ya kila tundu", muulize: kuzima kila tundu, au kupima kila tundu? Mwombe akuonyeshe kwenye karatasi ya kifaa, si kwa mdomo. Ukilazimika kuchagua moja, mimi ningechukua ya kupima. Kuzima kwa mbali ni raha, lakini jioni ile ya magharibi nisingekuwa na cha kuzima.

Turudi kwenye kengele. Karibu kila mtu anayetega kengele anatega ya juu. Tunaogopa kingi: breka itaruka, waya utaungua. Ni hofu ya haki. Lakini kwenye chumba cha seva chenye miguu miwiliwili, hatari kubwa iko chini, kwenye tundu lililokuwa likila ampea 0.9 na ghafla halili kitu. Tundu hilo halinuki moshi, halipigi kelele, na seva inaendelea kufanya kazi vizuri. PDU nyingi zinazopima kila tundu zina sehemu ya kuandika kiwango cha chini pia, kwamba mzigo ukishuka hapa nipe taarifa. Ya kwetu ilikuwa nayo. Ilikuwa tupu. Sasa kila tundu lenye seva lina kiwango chake cha chini, nusu ya kile linachokula siku ya kawaida.

Kuna tahadhari moja. Seva nyingine zinaweza kupangwa ili pawa saplai moja ibebe mzigo na nyingine ilale, kupunguza umeme unaopotea. Kwenye mashine hizo mguu mmoja utasoma kidogo sana na si ugonjwa. Lakini iliyolala bado inakula wati chache, wakati plagi iliyochomoka haili kitu, na vipimo vingine havisomi vizuri mkondo mdogo mno, vinaandika 0.0 kwa hali zote mbili. Kwa seva kama hizo inabidi uiulize seva yenyewe hali ya pawa saplai zake, usitegemee tundu peke yake.

Na hofu ya juu nayo ina hesabu yake ambayo jumla huificha. Breka yetu ni ya ampea 16. Kwa mazoea hatupandi zaidi ya asilimia 80, yaani 12.8. Mtu anaona A ina 8 na B ina 8, anasema bado kuna nafasi pande zote. Hakuna! Siku A ikifa, miguu yote inahamia B, na B inapokea 16 kwa mpigo, ukomo wenyewe wa breka. Mzigo ukizidi kidogo tu breka inaweza kuruka, na chumba kizima kikalala kwa sababu ya kitu kilichowekwa ili kisilale. Kila upande usizidi nusu ya kile kinachoruhusiwa, yaani 6.4 kwa breka kama yetu. Ukitaka kuongeza seva mpya, jumla ya A na B pamoja ndiyo uisome.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuzitoa namba hizo 24 kwenye PDU kwenda kwenye kompyuta ya uangalizi. Lugha inayotumika ni SNMP, lugha kongwe, maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1988. Ndani ya kifaa kila kitu kina anwani ya namba zilizofuatana kwa nukta: inaanza 1.3.6.1.4.1, kisha namba ya mtengenezaji, APC ni 318, Raritan ni 13742, kisha matawi mpaka unafika kwenye ampea ya tundu fulani. Unauliza anwani, kifaa kinajibu namba.

Inavyosemwa ni rahisi, na ilinichukua wiki mbili. Siku ya kwanza tundu la 6 lilinijibu 6. Ampea 6! Nilikaribia kwenda kuzima. Kumbe kifaa kinajibu kwa sehemu za kumi za ampea, 6 maana yake 0.6, na mtengenezaji ameandika hivyo kwenye faili la maelezo ambalo sikulisoma mpaka mwisho. Watengenezaji hawafanani: wengine wanatoa kwa sehemu za elfu, wengine wanakupa namba moja na pembeni namba nyingine inayosema nukta ikae wapi. Kipimo cha kwanza kiwe macho: soma kioo, soma ulicholeta, vilingane.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuonekana. PDU zetu mbili zimeunganishwa kwa waya ili zitumie anwani moja ya mtandao. Mimi nikadhani namba ya mstari kwenye jedwali ndiyo namba ya tundu. Siyo. Mstari wa 25 ni tundu la 1 la PDU ya pili. Jedwali lina safu yake inayotaja ni kifaa kipi na tundu lipi, nami nikairuka. Kwa siku tatu nilikuwa na grafu nzuri za rangi zenye majina yasiyo yake. Nimejifunza kupima hivi: chomoa kitu kidogo kisicho na madhara, kiskrini kwa mfano, uone ni mstari upi unashuka.

Halafu kuna muda. Programu nyingi za grafu, tangu zamani za MRTG ya mwaka 1995, zimezoea kuuliza kila dakika 5. Dakika 5 zinatosha kwa mambo ya polepole. Lakini jambo linalodumu dakika nne linaweza kuanza na kwisha katikati ya maswali mawili, usilione kamwe. Tukashuka hadi dakika moja. Kompyuta ndogo ya ndani ya PDU haina nguvu nyingi. Ukiiuliza namba moja moja, matundu 24, vitu vinne kila tundu, hiyo ni mara 96 kila dakika, inachoka na kuacha kujibu. Toleo la 2 la SNMP linaruhusu kuomba jedwali kwa mafungu makubwa. Omba hivyo. Na kwenye kumbukumbu za siku za nyuma usihifadhi wastani peke yake. Hifadhi na cha juu kabisa, na cha chini kabisa, kwa sababu wastani wa mwezi hulainisha kila kitu mpaka ugonjwa usionekane.

Hiyo dakika moja ndiyo iliyotuletea habari ya birika.

Kengele ya B ilikuwa inalia asubuhi, si kila siku, na inazima yenyewe kabla mtu hajafika. Jumla inapanda hadi ampea 12.7, inashuka. Zamani tungesema ni mtikisiko wa umeme, tukaendelea na kazi. Sasa nikafungua matundu. Yote yamelala kama kawaida, isipokuwa la 19: kutoka sifuri hadi 8.7, dakika nne, sifuri tena. Saa 1 na robo asubuhi. Ampea 8.7 kwa volti 230 ni wati 2,000. Hakuna seva yetu inayokula hivyo, na hakuna seva inayofanya kazi dakika nne kwa siku. Tundu la 19 kwenye daftari limeandikwa "tupu".

Nikawahi siku iliyofuata. Mama wa usafi alikuwa anatoka na ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umedamka leo."

"Nimedamka mama. Nilitaka kukuuliza, maji ya chai ya asubuhi unachemshia wapi?"

"Humo kwenye chumba chenu cha mashine. Ufunguo si ninao, wa kufagilia? Jikoni soketi imekufa tangu kabla ya Ramadhani. Nilisema, nikasema, nikachoka."

Akanionyesha. Nyuma ya raki palikuwa na waya uliobaki tangu siku fundi mmoja alipohitaji kuchomeka laptopu, mwisho mmoja wa kuingia kwenye C13, mwisho mwingine soketi ya ukutani ya pini tatu. Birika lilikuwa safi, limefutwa, limewekwa juu ya kitambaa. Chini limeandikwa 2000 W.

Sikuwa na cha kumlaumu, na ningemlaumu ningekuwa nimekosa adabu mara mbili. Alikuwa amesema. Sisi ndio tuliokuwa hatusikii, mpaka tundu la 19 likasema badala yake. Mzee wetu fundi alikuja mchana huohuo, akafungua soketi ya jikoni, akakuta waya wa nyutro umelegea, akaukaza. Dakika kumi. Birika likarudi jikoni, waya ule nikauondoa, na matundu yote yaliyo tupu nikayazima kwa mtandao.

Kuzima kwa mtandao kuna hofu yake, na sitaipita bila kuisema. Kama wewe unaweza kuzima tundu kwa kutuma namba moja, yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza. Matoleo ya zamani ya SNMP yana neno moja la siri linalosafiri wazi, na vifaa vingi vimetoka kiwandani na maneno "public" kwa kusoma na "private" kwa kuandika, yanajulikana dunia nzima. Toleo la 3, lililokamilika kuwa kiwango mwaka 2002, linaficha mazungumzo na kumtambua anayeuliza. Tumia hilo. Tenga vifaa hivi kwenye mtandao wao wenyewe, mbali na simu za wageni. Na kompyuta ya grafu ipewe ruhusa ya kusoma tu. Haina sababu ya kuweza kuandika.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba namba za matundu zimekuwa kitambulisho. Mwezi mmoja baada ya birika nilikuwa Kasulu kikazi, nikapigiwa kwamba intaneti imekufa ofisini. Dawa ya kawaida ni kuzima ruta na kuiwasha. Nikaingia kwa njia ya akiba, kupitia modemu ya simu, tundu la 14 limeandikwa "ruta". Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikatazama ampea: 1.1. Ruta yetu inakula 0.2. Kinachokula 1.1 ni swichi inayolisha umeme simu za mezani na kamera. Nikashusha mkono. Nikatafuta tundu lenye 0.2, likawa la 16, ambalo jina lake lilisema swichi. Mtu alikuwa amebadilishana nyaya wakati wa kufagia vumbi, hakubadilisha majina. Nikazima la 16, intaneti ikarudi. Ningefuata jina ningezima simu na kamera zote, na huenda ningerudi usiku ule Kigoma kwa barabara.

Tangu hapo tuna daftari. Ni daftari la kawaida la shule, limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa raki, kalamu pembeni. Kila tundu lina mstari: namba, mashine gani, mguu wa ngapi, wati za siku ya kawaida, tarehe, sahihi ya aliyegusa mara ya mwisho. Nimeandika wati badala ya ampea kwa sababu. Stabilaiza yetu huruka kwa hatua, B inaweza kusoma volti 215 jioni na 238 usiku wa manane, na pawa saplai za kisasa hukamata wati zilezile kwa kuvuta ampea zaidi volti zikishuka. Ukifuatilia ampea utadhani mashine inabadilika, kumbe ni umeme wa jioni watu wakipika. Nyaya zote nimezibana kwa vibanio ili uzito wake usining'inie kwenye plagi.

Raki ya pili, ile ya kona, bado ina PDU ya zamani isiyopima chochote. Nimeomba mpya na najibiwa kwamba fedha zote ziliishia kwenye betri. Kwa sasa mimi na mzee tumetengeneza kipande cha waya, urefu wa dhiraa moja, tumekichuna ganda la nje katikati na kuutoa waya wa kahawia kama kitanzi, ukiwa bado na ganda lake la ndani, kwa sababu klampu mita, kipimo cha mkondo kinachobana waya kwa nje, ukiiweka juu ya waya mzima wenye nyuzi zote inasoma sifuri, mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Kila Jumatatu jioni, kazi zikishatulia, tunahakikisha taa za pawa saplai zote mbili ni za kijani, tunachomoa mguu mmoja, tunaupitisha kwenye kipande chetu, tunasoma, tunarudisha na kusukuma mpaka ilie "ka". Mzee anasoma, mimi naandika.

Jumatatu hii seva ya chini kabisa imesoma wati 190 mguu wa kwanza na 60 mguu wa pili. Wiki iliyopita ilikuwa 128 na 124. Nimeagiza pawa saplai nyingine, na kwenye daftari nimezungushia mstari huo wino mwekundu.